Dole Gumba

Tukuyu mvua haianzi. Huwa ipo,
hupumzika kidogo tu, kama mpagazi anayebadili bega.
Sista Tumpale alifika ikiwa imepumzika,
trela la kliniki ya macho likiburutwa na Landkruza ya misheni.
Akasema: "Fundi, chumba kinalia."

Chumba chenyewe ni ubavu wa trela.
Wakiegesha, husukumwa nje kama droo ya kabati,
ikapatikana nafasi ya kiti, taa na bango la herufi;
wakiondoka, droo hurudi ndani.
Kati ya droo na kabati kuna raba.
Raba ikichoka, mvua nayo hujiandikisha kupimwa macho.

Alinionyesha bango. Mstari wa chini kabisa
ulikuwa umevimba, umeota ukungu.
"Mzee mmoja wa Masoko kausoma wote," alisema,
"hata herufi zisizokuwepo."

Nikang'oa raba kuukuu. Watu hawajui, ina sehemu mbili:
kuna utumbo, wenye uwazi ndani,
kazi yake kubanwa na kuvimba tena;
na kuna ulimi, mwembamba, unaolamba ukuta
kila droo inaporudi, isibebe maji.
Utumbo ulikuwa umelala bapa.
Ulimi ulikuwa umekakamaa, umechanika kwenye kona.
Maji hayana haja na uwanja. Hutafuta kona.

Chini ya raba, silikoni. Chini ya silikoni, silikoni nyingine,
ya kijivu, ya njano kama kamasi,
kila fundi kapaka yake juu ya uongo wa mwenzake.
Nikakwangua kwa kisu cha mkate nilichokinoa hadi kikabaki nusu,
nikafika tabaka la mwisho, jeupe,
lililopakwa juu ya vumbi bila kupangusa,
na humo, wazi kama muhuri wa ofisi ya kijiji,
alama ya dole gumba
lenye kovu la mshazari.

Nikatazama dole langu.

Kovu nalijua: mwaka wangu wa kwanza stendi, kioo cha Fuso.
Na trela nimelikumbuka, lilikuwa la bluu,
la watafiti wa chai. Ilikuwa Jumamosi, pesa waliyotaja ilikuwa kidogo,
nami nilikuwa na harusi Kyimo.
Nikapaka, nikabonyeza, nikasema: "Imeshika hiyo."

Lwitiko, kijana wangu wa kazi, akauliza: "Umeona nini?"
Nikasema: "Kona hii ina kazi."

Tukapangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe.
Raba mpya kutoka Dar ilipungua shubiri moja.
Lwitiko akataka kuivuta. Nikamkataza:
raba iliyovutwa ili itoshe
hurudi kwenye urefu wake usiku, wewe umelala,
ikaacha mwanya pale pale ulipojisifu.
Tukaunga kipande cha mlango wa basi,
tukakata mshazari, ncha kwa ncha, gundi,
halafu tukangoja. Kungoja ndiko kazi.
Ulimi tukaupaka poda usinate.

Kisha noti ya elfu moja: tukaibana kati ya raba na ukuta,
Lwitiko akavuta.
Kona ya kwanza, noti ikagoma. Ya pili, ikagoma.
Ya tatu ikatoka kirahisi kama mshahara.
Tukabandua, tukaanza upya.

Mvua ilirudi saa tisa.
Sista akaketi ndani kwenye kiti cha wagonjwa, kichwa juu,
mimi nje, nimelowa, sikio kwenye bati.
Muda mrefu hakusema kitu.
"Fundi," akaita kupitia ukutani, "naisikia tu. Siioni."

Akauliza bei. Nikataja ya raba na ya gundi.
"Na ufundi?"
"Ufundi ulishalipwa."
Akadhani ni misheni.

Kile kipande cheupe kimo mfukoni mwa ovaroli.
Lwitiko huniuliza nakitunzia nini, nami humwambia ni sampuli.
Juzi mke wangu alikifua pamoja na nguo.
Alama haijatoka.